Kulungu Yule Alikimbilia Wapi?

Harlow Creek, Montana
16 Januari 1983

Mdogo wangu Alma,

Pokea salamu za kaka yako, kama baridi ya huko Duluth haijazigandisha njiani. Mimi ni mzima wa mwili. Mbwa mzima. Ng'ombe wawili wamezaa kabla ya wakati. Ndama mmoja amekufa, mwingine analala jikoni karibu na jiko na ananuka kuliko mimi.

Inez hayupo. Nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu. Alihamia kwa dada yake mjini wiki moja kabla ya Krismasi. Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Alikunja nguo zake, akachukua ile picha ya mwanetu Wade ya shuleni, akasimama mlangoni akasema, "Orrin, kila nikiiona mikono yako naiona inajaza ile risasi." Nikamwambia hata mimi naiona hivyo hivyo. Basi akaenda.

Hapa bondeni hakuna anayenisema usoni. Nikiingia mkahawani wananyamaza na kunisogezea kiti. Lakini najua wanachokisema, maana hata mimi ningekisema: mzee Orrin macho yamekwisha, alijaza risasi mbovu, risasi ikaenda kombo ikamuua mwanawe mwenyewe.

Unajua tangu baba afariki mimi ndiye ninayewajazia risasi ukoo mzima, ganda, baruti na kichwa, kwa ile mashine ya chumba cha nyuma. Kila mwaka kabla ya msimu wa kuwinda, kila mtu na boksi lake, jina lake kwenye utepe. Mwaka jana nilijaza nikiwa na miwani iliyopasuka kioo kimoja. Nilijiambia mikono inaijua kazi. La Royce wako lilikuwa la mwisho, nimechoka, na maganda nikachanganya ya viwanda viwili kwa kuwa yale mazuri yalikuwa yamekwisha. Hayo yote nimeshamweleza sherifu na polisi wake.

Nina swali moja tu, nakuomba umuulize mwanao. Royce alisema alimlenga kulungu dume aliyesimama ng'ambo ya korongo, na kwamba Wade alikuwa vichakani, hatua mbili tatu kando ya mnyama, hakumwona. Kumwona kweli kungekuwa kazi. Wade alikuwa ameshaua kulungu wake nyuma ya kilima, na kile kizibao chake cha rangi ya chungwa, cha kuonekana na wawindaji wenzake, alikuwa amekifunga kwenye pembe za mzoga, kama nilivyomfundisha, ili mtu asije akaupiga wakati anauburuta. Kwa hiyo risasi ikamkosa kulungu ikampata Wade. Sawa. Kulungu yule alikimbilia wapi? Theluji ya usiku ule ilifunika nyayo zote, na mimi sikuwa na akili ya kuuliza. Nataka tu niione siku ile nzima kichwani, isinijie nusu nusu.

Msalimie Royce. Mwambie mjomba wake hana kinyongo naye. Bunduki yake sherifu kaniletea mimi, kwa kuwa yeye aliikataa. Iko chumba cha nyuma, pamoja na boksi lake.

Kaka yako,
Orrin


Duluth, Minnesota
27 Februari 1983

Kaka yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwenye mji ambao jua limeusahau. Nisamehe kwa kuchelewa. Theluji imefika kwenye madirisha, mtu wa posta amevunjika mguu kwenye ngazi za jirani, na mimi nimekuwa na kikohozi kisichoambiwa kitu. Ziwa limeganda hadi mwisho wa macho. Meli zote zimelala bandarini na vijana wanakaa bila kazi, Royce akiwa mmoja wao. Mama mwenye nyumba amepata paka wa tatu. Nimekufumia soksi, nazituma pamoja na barua hii. Rangi usiicheke, ndiyo sufu iliyokuwepo.

Habari ya Inez imeniliza. Lakini atarudi, kaka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na kila mzazi ana namna yake ya kuubeba. Mpe muda. Usimfuate fuate.

Kuhusu Royce, sina la kukudanganya, hali yake si nzuri. Analala taa ikiwaka. Chakula anakizungusha kwenye sahani mpaka kipoe. Nikitaja jina la Wade anatoka nje bila koti. Ndiyo maana sikumsumbua kwa maswali, na wewe ungekuwa hapa ukamwona usingemsumbua. Ilikuwa ajali. Hata mchungaji alisema pale kaburini kwamba hakuna mkono wa mtu. Nawe ukiendelea kuichimba siku ile utajimaliza bure. La kuvunda halina ubani, kaka.

Hakuna mtu wa familia hii anayekulaumu. Kama ni risasi, basi ni risasi, chuma hakina nia. Kula vizuri. Usimwache yule ndama jikoni mpaka awe fahali.

Mdogo wako akupendaye,
Alma


Harlow Creek
18 Aprili 1983

Alma,

Soksi zimefika, asante. Moja ni ndefu kuliko nyingine, nimeupa mguu ninaoupenda. Theluji imebaki milimani tu na barabara ni matope matupu. Ndama wa jikoni sasa yuko nje na anajifanya hanijui.

Inez nilimwona kanisani siku ya Pasaka. Alikaa mbele na dada yake. Nilipompita kwenda kwenye meza ya Bwana alifumba macho.

Umeniandikia kurasa nne, hata paka wa mama mwenye nyumba nimemjua, lakini jibu la swali langu halimo. Haidhuru. Sasa nikueleze nilichofanya.

Unamkumbuka Clyde Maddox, jirani yangu, yule aliyetaka kukuoa ukamwambia masikio yake yangeleta upepo ndani ya nyumba. Alikuja mwezi uliopita akanikuta nimekaa chumba cha nyuma nalitazama boksi la Royce.

"We mzee," akasema, "utalitazama mpaka litage? Litoe nje tulipige."

"Sitaki kuigusa bunduki ile."

"Basi nitaigusa mimi. Wewe kaa pembeni uhesabu dhambi zako, hiyo ndiyo kazi unayoiweza siku hizi."

Tuliweka meza nyuma ya ghala, mifuko ya mchanga chini ya bunduki isitikisike, na shabaha kwa umbali ule ule wa korongo, hatua mia na hamsini. Karatasi za shabaha sikuwa nazo. Kabatini kulikuwa na sahani za karatasi zilizobaki siku ya mazishi ya Wade. Wanawake wa kanisa waliniachia rundo zima, zile nyeupe zenye ukingo wa buluu, ulizokuwa unatupakulia. Nilikuwa nimeshindwa kuzitupa na nimeshindwa kuzilia chakula. Tukapigilia moja kwenye ubao.

Clyde anajua kila kitu kuhusu bunduki, mwulize tu. Anasema bunduki ina chakula chake kama mume. Ukiilisha kingine inanuna. Anasema mtutu wa baridi huitupa kombo risasi ya kwanza. Anasema kuchanganya maganda ni sawa na kuweka wake wawili jiko moja. Na anasema, kama wanavyosema wote bonde hili, kwamba risasi tatu zikikaa pamoja umemaliza kazi: risasi zako ni nzuri, nenda kawinde.

Alipiga tatu kutoka boksi la Royce. Tulipofika kwenye ubao alinyamaza, na Clyde kunyamaza si jambo la kila mwaka. Matundu matatu yalikuwa yamegusana. Ungeyafunika kwa kifungo cha koti.

"Orrin, hizi si risasi mbovu."

"Ni tatu tu."

"Tatu zinatosha. Kila mtu anajua."

"Kila mtu huishia kwenye tatu kwa sababu ameshafurahi. Ongeza."

Akaongeza, akaongeza. Matundu yalitanuka, kama nilivyojua yatatanuka. Yale matatu yalikuwa bahati. Mwisho yalienea upana wa kiganja changu. Lakini yote yalikuwa ndani ya sahani, Alma, mbali na ukingo. Zilipobaki risasi chache nikamwambia aache. Nikarudi ubaoni nikayahesabu matundu yote mara mbili. Sijui ilikuwa furaha au nini.

Clyde anasema bado si kitu. Huenda iliyomuua Wade ndiyo peke yake iliyokuwa mbovu. Inez naye atasema hivyo hivyo, nami siwezi kumpinga. Kwa hiyo nitafanya jambo ambalo sijalifanya maisha yangu yote: nitajaza mbovu kwa makusudi, mbovu kadiri mkono wangu unavyoweza, nione zinakwenda wapi.

Muulize Royce kulungu alikimbilia wapi. Juu kilimani au chini mtoni, basi. Neno moja linatosha.

Orrin


Duluth
9 Mei 1983

Kaka Orrin,

Natumaini u mzima. Sisi tupo. Barafu ya ziwa imeanza kupasuka, usiku inalia kama mlango. Royce amerudishwa kazini bandarini lakini amekwenda siku mbili tu.

Nimesoma barua yako mara moja na sitaisoma tena. Sahani zile, Orrin! Watu walilia juu ya sahani zile. Nilisimama pale kwenye ukumbi wa chini ya kanisa nikiwapakulia watu wote viazi na nyama, na wewe leo unazitundika ubaoni na kuzitoboa pamoja na Clyde Maddox na midomo yake? Huoni aibu kwa mtoto?

Nakuomba kama dada, na hujawahi kuninyima kitu tangu utoto. Zichukue risasi zile zote ukazitupe mtoni. Bunduki muuzie mtu asiyetujua. Kisha nenda kwa Inez, piga magoti, omba msamaha hata kama hujui wa nini. Wanawake hatutaki vipimo. Tunataka mtu apige magoti.

Na hebu nikuulize nami swali, maana ni wewe tu unayeuliza. Ukishajua, utafanya nini? Wade atafufuka? Umebakiwa na mpwa mmoja. Damu yako ndiyo hii iliyobaki, hakuna nyingine.

Uwe na amani,
Alma


Harlow Creek
24 Julai 1983

Mdogo wangu,

Salamu. Nyasi tumekata, Clyde na mimi, na mgongo wangu unanitaja kwa jina. Mvua hakuna. Kuna moto wa msitu upande wa magharibi na tunakula moshi asubuhi hadi jioni. Mbwa amekufa. Alikuwa mzee, alilala akaondoka. Nimemzika pale alipopenda kulala huku Wade anavua viatu.

Sikuzitupa risasi mtoni. Wewe ni dada yangu na hili nimekunyima, uliandike mahali.

Zile zilizobaki nilizipiga mwenyewe. Watu husema mtutu wa baridi huitupa risasi ya kwanza, na ile ya Royce ilikuwa risasi yake ya kwanza siku ile. Basi kila asubuhi kabla ya kahawa nilitoka, nikapiga moja tu, nikairudisha bunduki ndani mpaka kesho yake. Sahani ile ile, ubao ule ule. Zilipokwisha, matundu ya asubuhi zote yalikuwa yamekaa pamoja, majirani wema.

Kisha nikajaza zangu mbovu. Ilikuwa kazi ya kunifedhehesha, kama mpishi anayetia mchanga kwenye uji. Nyingine niliwekea baruti pungufu. Nyingine nilichanganya maganda, ya zamani kwa mapya. Nyingine kichwa cha risasi nilikikandamiza kombo, ukikizungusha mezani unakiona kinayumba kwa macho. Nyingine nilizikata ncha kwa tupa, na chache nikazikwaruza hata kitakoni, jambo ambalo baba angenichapa kwa ajili yake.

Clyde ndiye aliyepiga, mimi nikitazama kwa darubini. Zilitawanyika, ndiyo. Sahani ilikuwa kama imeugua ndui. Zile za baruti pungufu zilitua chini, karibu na ukingo wa buluu. Moja tu, yenye kitako kilichokwaruzwa, ilitoka nje ya sahani, kiasi cha vidole vitatu.

Vidole vitatu, Alma. Na hiyo ndiyo mbovu kuliko zote nilizoweza kuzitengeneza kwa ubaya wote niliokuwa nao.

Clyde aliuondoa ubao, akaketi juu ya ndoo. Hakutania. Akasema, "Mzee, hatua mbili tatu?" Nikasema ndivyo alivyosema. Akasema, "Korongo lile ni jeupe, mimi nimelipita. Kati yao hapana hata kijiti cha kuigeuza risasi." Nikasema najua. Akasema, "Njia ya mwongo ni fupi," halafu akaniomba radhi, akaenda zake nyumbani akiacha kofia yake.

Sahani hiyo ndiyo hii niliyoikunja humu ndani. Ile ya risasi za boksi la Royce nimempelekea Inez. Dada yake aliipokea mlangoni, akaifunga kwa gazeti kama samaki. Inez hajasema neno. Nadhani anafikiri nimeitoboa mwenyewe ili nijitakase, na mimi ningekuwa yeye ningefikiri hivyo.

Sitaandika hapa maana yake ni nini. Mwenye macho haambiwi tazama. Ila umeniuliza nikijua nitafanya nini. Sijui. Najua tu kwamba mke wangu hawezi kuitazama mikono yangu, na kwamba mtu mmoja anaweza kulimaliza jambo hilo kwa neno moja.

Kulungu yule alikimbilia wapi?

Orrin


Duluth
2 Oktoba 1983

Kaka,

Majani yameanguka yote katika siku mbili, upepo wa ziwani haukubakiza hata moja. Nilitaka kuandika Agosti. Nilitaka kuandika Septemba pia. Nilinunua hata stempu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, mama alikuwa akisema, nami nimeusikia huo mshindo kila siku tangu barua yako ifike.

Sahani niliificha chini ya mashuka kwenye droo yangu. Sikumwonyesha Royce. Juzi alikuwa anatafuta taulo.

Nilirudi kutoka kazini nikamkuta amekaa kitandani kwangu, ameishika mapajani kwa mikono miwili. Akaniuliza, "Mjomba ameuliza nini, mama?" Nikasema hajauliza kitu. Akasema, "Mtu hatumi sahani bila kuuliza." Ndipo nikampa barua zako, zote. Alisoma mpaka giza likaingia, na mimi nikasimama jikoni nikimenya karoti ambazo hatukuzila.

Asubuhi gari halikuwepo. Amechukua koti zito na thermosi ya baba yake. Hakuacha ujumbe. Kwako ni siku mbili kwa gari kama barabara ni nzuri, kwa hiyo atafika kabla ya barua hii.

Nimejaribu mara tatu kuandika kile atakachokuambia, na mkono unakataa. Atasema mwenyewe. Orrin, ni mtoto. Ana miaka ishirini na nne lakini ni mtoto. Ulimbeba mabegani siku Vernon wangu, baba yake, alipozikwa. Chochote utakachofanya, kumbuka ulimbeba.

Nipigie simu kwa mama mwenye nyumba, au andika. Hata neno moja.

Alma


Harlow Creek
16 Oktoba 1983

Alma,

Sikupiga simu kwa sababu nisingeweza kuisikia sauti yako.

Alifika Jumanne mchana, uso umechongoka, ndevu za siku tatu. Nilikuwa napasua kuni. Alisimama mbali, kule kwenye lango, kana kwamba kuna mbwa. Nikamwambia mbwa amekufa, ingia.

"Mjomba," akasema, "sikujua kama utanifukuza."

"Hata mimi sijui. Sema kilichokuleta."

Alivua kofia. Akasema, "Hapakuwa na kulungu."

Nilikuwa nimeshajua, Alma. Nilijua tangu Julai, labda tangu ile siku ya matundu matatu ya kifungo cha koti. Lakini kujua peke yako na kuambiwa si kitu kimoja. Niliweka shoka chini nikakaa juu ya kigogo.

"Nilisikia mlio wa bunduki ya Wade nyuma ya kilima," akasema. "Nikajua amepata. Nikasema na mimi leo sirudi mikono mitupu, atanicheka mwaka mzima. Nikakaa. Kisha nikaona kitu cha kahawia kinapanda ukingoni, na juu yake kitu kimeinuka. Nikadhani pembe. Sikuangalia mara ya pili, Mjomba. Nilitaka ziwe pembe."

"Kilikuwa nini kilichoinuka?"

Akairudisha kofia kichwani, akanigeuzia mgongo. Nilimwambia apande gari. Nikampeleka mjini, kwa dada wa Inez, nikamwambia kama ni kusema aseme mara moja, mbele ya yule aliyekuwa na haki ya kusikia kwanza. Inez alitoka barazani na aproni yake. Royce akarudia yote tangu mwanzo, amesimama chini ya ngazi.

Inez hakulia. Alimuuliza, "Alikuwa anafanya nini?"

"Anti, usiniulize hilo."

"Nakuuliza."

"Alikuwa ananipungia mkono. Nadhani alikuwa ananiita nimsaidie kuburuta."

Inez akaketi kwenye ngazi polepole, kama mtu anayeogopa kumwaga kitu. Baadaye sana akaniangalia mimi, yaani mikono yangu. Akasema, "Orrin, nisamehe." Nilitaka kusema nimekusamehe. Badala yake nikatikisa kichwa tu, na sijui kama alielewa nimekubali au nimekataa.

Hajarudi nyumbani. Anasema mtu aliyemchukia mumewe miezi kumi hawezi kurudi kama anarudi kutoka dukani. Ana haki. Nimempelekea kuni.

Royce amekwenda mwenyewe kwa sherifu, niliendesha gari nikamngoja nje. Litakalokuwa litakuwa. Wakati huu analala chumba cha nyuma, kule kwenye mashine yangu, nami nalala juu, na kati yetu ni ngazi. Nampikia. Sijamgusa bega wala sijampiga. Kuna saa natamani kumkumbatia na kuna saa natamani kumtupa korongoni, na mara nyingine ni saa ile ile. Nilipodhani ni mimi niliyemuua Wade, chuki yangu ilikuwa na pa kulala. Usiku ilirudi kwangu tu. Sasa inazunguka nyumba nzima.

Lakini Royce nitamweza. Alitishika, akadanganya, akashindwa kuurudisha uongo, na mwisho amekuja mwenyewe kwa miguu yake. Clyde amemletea kofia nyingine kwa kuwa ya kwake imetoboka. Tutaishi.

Wewe ndiye sikuwezi. Hukushangaa. Nimezisoma barua zako zote upya, na hakuna mahali ulipomshangaa mwanao. Uliniandikia habari za paka. Uliniambia nikapige magoti kwa Inez niombe msamaha. Bonde zima linaishia kwenye risasi ya tatu kwa sababu tatu zinapendeza, na wewe uliishia hapo, ukaniacha mimi nimesimama mbele ya ubao.

Swali lile la kulungu nilikuuliza mara tatu. Hili nakuuliza mara moja, na usinijibu kwa habari za theluji.

Ulijua lini?

Orrin


Duluth
30 Novemba 1983

Orrin,

Siku ya mazishi. Ukumbi wa chini ya kanisa, penye ngazi, kabla watu hawajaanza kula. Royce alinishika mkono akaniambia yote, kama alivyokuambia wewe. Nikamwambia anyamaze. Nikarudi mezani, nikachukua sahani, nikakupakulia viazi.

Alma